Lalamiko la mteja lifike mezani kwa mkurugenzi likiwa zima: mwongozo kwa timu za huduma za simu

Muuza mboga analipia mzigo wa nyanya kwa simu. Anaingiza namba ya siri, skrini inakaa kimya, menyu inapotea. Anarudia. Pesa inatoka mara mbili. Anapiga simu huduma kwa wateja. Mhudumu ana foleni ya watu wanaosubiri, kwa hiyo anaandika neno moja: "mtandao". Mwisho wa wiki msimamizi wake anajumlisha na kuripoti malalamiko 214 ya mtandao. Kwenye kikao cha uongozi hayo yanakuwa "wateja wanataka mfumo wenye kasi", na fedha za seva mpya zinaidhinishwa. Seva mpya inawekwa. Muuza mboga anaendelea kukatwa mara mbili, maana mfumo haukuwa na tatizo la kasi: ombi lake lilifika, jibu ndilo halikurudi.

Katika mnyororo huo hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alifupisha kidogo, na kila ufupisho uling'oa kitu ambacho mtu wa mbele alikihitaji. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuzuia hilo katika kampuni au ushirika unaotoa huduma kwa simu, yaani malipo, mikopo midogo, akiba za SACCOS au bima ndogo, ambako timu ya bidhaa ina watu 5 hadi 40 na wateja wengi wanatumia menyu ya USSD, ile ya kupiga nyota na reli. Kazi yenyewe ni moja: tukio na maneno ya mteja vifike juu bila kukatwakatwa, na uamuzi ushuke chini na sababu yake.

Kwanza, jueni sauti zinaingilia wapi

Chukueni karatasi mwandike kila mlango ambao lalamiko linaweza kupitia. Mara nyingi milango ni mingi kuliko mnavyodhani: kituo cha simu, kaunta za matawi, vikundi vya WhatsApp vya mawakala, wasimamizi wa mikoa, maoni ya Facebook na Instagram, na simu binafsi ya mkurugenzi, ambayo wateja wakubwa wanaijua kwa kichwa. Huo wa mwisho ndio unaopotosha mipango kuliko yote. Lalamiko la mtu mmoja mwenye namba ya mkubwa linaweza kusukuma nyuma kazi iliyokuwa inawahusu watu elfu tano.

Kisha teueni mtu mmoja awe mshika daftari. Si lazima awe wa cheo kikubwa, lakini awe mtu ambaye wahudumu wa simu hawamwogopi na wahandisi wanamjibu. Katika timu ya watu 15, kazi hii inamchukua kama saa 6 kwa wiki. Msimpe mtu mwenye lengo la mauzo, kwa sababu bila kujua atapendelea malalamiko ya wateja anaowauzia. Daftari lenyewe linaweza kuwa jedwali la kawaida la Excel. Programu za gharama kubwa za kufuatilia malalamiko zinaweza kusubiri hadi mjue mnaandika nini.

Kadi ya tukio

Kila lalamiko linaloingia daftarini liwe na sehemu saba: siku na saa, aina ya mtumiaji (mteja, wakala, mfanyabiashara anayelipwa), wilaya, aina ya simu (kitochi au simu janja), alichokuwa anataka kukamilisha, maneno yake mwenyewe, na alichofanya baada ya kushindwa. Ongezeni namba ya muamala kama ipo, ili mhandisi aweze kuufuata kwenye kumbukumbu za mfumo.

Kadi ya yule muuza mboga ingesomeka hivi:

Jumatano, saa 4:20 asubuhi. Mteja, muuza mboga, Temeke, kitochi. Alikuwa analipa mzigo wa nyanya, sh. 85,000. Maneno yake: "Nimeweka namba ya siri, ikakaa, ikapotea. Nikarudia. Sasa yule baba wa nyanya anasema zimeingia mbili, na mimi salio sina." Baadaye: alimwomba msambazaji amrudishie, mzigo wa pili akalipa taslimu.

Mhandisi akisoma hapo, baada ya dakika chache anajua pa kutazama. Mfumo ulipokea ombi la kwanza, muda wa kikao cha USSD, yaani muda ambao menyu hubaki wazi, ukaisha kabla jibu halijamfikia mteja, naye akatuma ombi la pili ambalo mfumo ukaliona ni jipya kabisa. Kila mtandao wa simu una kikomo chake cha muda wa kikao, na mtu anayesoma namba kwenye kipande cha karatasi huku akihudumia wateja wake anakifikia upesi. Dawa yake inaeleweka: kila ombi lipewe alama ya pekee, na mfumo ukiona kiasi kilekile kinakwenda namba ileile baada ya dakika chache, umuulize mteja kwanza kama kweli anataka kutuma tena.

Sehemu mbili za kadi ndizo zinazoachwa wazi mara nyingi. Ya kwanza ni maneno ya mteja. Mhudumu anaona aibu kuandika Kiswahili cha mtaani kwenye mfumo wa ofisi, kwa hiyo anakisafisha au anakigeuza Kiingereza. Mwambieni wazi kwamba sehemu hiyo hairuhusiwi kusahihishwa, hata kama mteja amechanganya lugha. Sehemu ya pili ni alichofanya baadaye, nayo ndiyo inayomgusa mkurugenzi kuliko zote. "Mzigo wa pili akalipa taslimu" maana yake ni mapato yaliyopotea, na halihitaji kupambwa.

Wahudumu hawawezi kujaza kadi kamili kwa kila simu, msiwadai hivyo. Kila mmoja ajaze kadi 3 kwa zamu, azichague kwa kanuni rahisi: simu ya kwanza ya zamu, simu ya kwanza baada ya mapumziko, na simu moja iliyomshangaza. Wahudumu 8 kwa siku 5 wanaleta kadi 120 kwa wiki, na hizo zinatosha kabisa. Mkiwaacha wachague wenyewe zote tatu, mtapata hadithi za watu waliogombana nao tu.

Kamusi ya maneno ya wateja

Sehemu hii tunaomba muipe muda mwingi kuliko zote. Wateja wana istilahi zao za pesa za simu, ni sahihi na zina mpangilio, lakini haziko kwenye mfumo wenu. Mfumo unasema muamala "haujakamilika". Mteja ana maneno sita tofauti kwa muamala uliomsumbua, hata ule ambao kwa mfumo umekamilika, na kila moja linaelekeza kwenye chanzo kingine.

*Imekwama.* Ombi limeondoka, hali ya mwisho haijulikani. Mhudumu asimwambie mteja arudie hata kidogo mpaka aangalie hali ya muamala. Ushauri wa "jaribu tena" ndio unaozaa makato mara mbili.

*Imegoma.* Mfumo ulijibu na ukakataa: amevuka kiwango cha siku, namba ya siri si sahihi, salio halitoshi kulipia ada. Hapa kosa mara nyingi liko kwenye maandishi ya jibu. "Ombi lako halikufanikiwa" halimwambii mtu afanye nini.

*Haijasoma.* Aliyetuma amepata ujumbe wa uthibitisho, aliyetumiwa haoni salio limeongezeka. Angalieni ucheleweshaji kati ya mifumo miwili, hasa pesa inapotoka benki kwenda kwenye simu.

*Imeliwa.* Karibu kila mara ni makato ambayo mteja hakuyatarajia: ada, tozo, au deni la huduma ya kukopeshwa salio linalokatwa lenyewe pesa mpya ikiingia. Muamala umekamilika vizuri kabisa kwa mujibu wa mfumo, ndiyo maana wahandisi hawalioni tatizo hili kwenye kumbukumbu zao.

*Imepotea.* Ama imekwenda namba isiyo sahihi, ama menyu imetoweka. Ulizeni: "Kilichopotea ni pesa au ni menyu?"

*Mtandao unasumbua.* Hili ndilo gumu, kwa sababu linafunika mambo manne. Simu inaweza kuwa haina mawimbi. Kikao cha USSD kinaweza kuwa kimeisha muda. Mfumo wenu unaweza kuwa ndio umelala. Au wakala hana floti, na badala ya kumwambia mteja kwamba hana fedha za kutosha, anasema mtandao unasumbua, kwa kuwa kukiri kuishiwa mbele ya watu kunamvunjia heshima na kunampeleka mteja kwa jirani. Maswali matatu yanatenganisha: "Dakika ile ungeweza kumpigia mtu simu?", "Maneno ya mwisho kwenye skrini yalikuwa yapi?" na "Ulipokwenda kwa wakala mwingine, ilikubali?" Kama kwa wakala wa pili ilikubali saa ileile, tafuteni tatizo la floti kabla ya kumgusa mhandisi. Kama angeweza kupiga simu lakini menyu haikufunguka kabisa, angalieni upande wenu au kiungo chenu na mtandao wa simu.

Kamusi iwe ya ukurasa mmoja au miwili, ibandikwe karibu na kila mhudumu, na ipitiwe kila baada ya miezi mitatu. Kama mnahudumia nchi zaidi ya moja, fanyeni kamusi kwa kila nchi. Kitochi cha Dar es Salaam ni kabambe Nairobi, na maneno ya malalamiko hutofautiana zaidi ya hapo.

Timu itoke ofisini

Kadi haitoshi. Kila mtu wa timu ya bidhaa, wahandisi wakiwemo, akae kwa wakala au kaunta ya tawi saa 2, mara mbili kwa mwezi. Waende wawili: mmoja azungumze, mwingine aandike. Epukeni saa za msongamano mkubwa, lakini msiende saa ambazo hakuna mtu. Asubuhi kati ya saa 4 na saa 6 mara nyingi hufaa. Siku za mwisho wa mwezi zina miamala mingi, nendeni kutazama tu bila kuuliza chochote. Wakala anaishi kwa kamisheni, na muda mnaomchukua ni mapato yake, kwa hiyo mlipeni. Mteja aliyekubali kuzungumza kwa dakika 20 apewe vocha ya salio, na apewe mwishoni, ikitangulia, atawasifu.

Na hapa kuna jambo la kwetu linalohitaji uangalifu. Mgeni anapouliza "Huduma yetu unaionaje?", jibu la adabu ni "Iko vizuri tu, hamna shida." Mtu haelezi ubaya wa chakula mbele ya aliyempikia. Kwa hiyo msiombe maoni, ombeni tukio. "Mara ya mwisho ulipotuma pesa ilikuwa lini? Ulimtumia nani? Ulianzaje?" Mtu akishaanza kusimulia, ukweli unakuja wenyewe. Maneno "mngetuangalia kwenye makato" nayo yana ujumbe zaidi ya ombi la kupunguziwa. Ulizeni ni makato yapi, ya siku gani, na aliyajuaje.

Msimfundishe mtu anapokosea. Mhandisi akiona mteja anabonyeza 3 badala ya 2, mkono wake utamwasha, lakini akimwelekeza amefuta ushahidi aliokuja kuutafuta. Asubiri hadi mteja amalize au akate tamaa, ndipo amsaidie.

Watu wangapi wanatosha? Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, walichapisha mwaka 1993 hesabu inayotumika hadi leo: kama mtumiaji mmoja hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo ya matumizi, basi watu 5 watafichua takriban asilimia 84 hadi 85. Hesabu hiyo inahusu kundi moja linalofanya kazi moja. Mawakala ni kundi jingine, wazee wanaosaidiwa na wajukuu kubonyeza ni jingine. Tafuteni watu 5 kwa kila kundi, na msiitumie hesabu hii kudai kwamba mnajua ni asilimia ngapi ya wateja wana tatizo fulani. Hilo linahitaji takwimu za mfumo.

Kutazama kunalipa kwa njia ambayo dodoso haliwezi. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya yalipoanza Oktoba 2005, pamoja na taasisi ya Faulu, lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa huduma hiyo walianza kutumiana pesa wao kwa wao, na kuweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasizibebe mfukoni. Timu iliyaona hayo, viongozi wakayakubali ingawa hayakuwa kwenye mpango wa awali, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Angekuwapo mtu wa kuandika "wateja wanatumia mfumo kinyume na kusudio" na kuishia hapo, taarifa hiyo ingefia kwenye jalada.

Kikao cha wiki, dakika 45

Wakae watu wasiozidi 8: mshika daftari, msimamizi wa bidhaa, mhandisi mmoja au wawili, mhudumu mmoja wa simu (wapokezane), mtu wa mawakala, na kiongozi mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Bila huyo wa mwisho kikao kinakuwa cha kulalamika pamoja.

Mshika daftari analeta kadi 10, si zaidi. Anazisoma kwa sauti, maneno ya mteja yakisomwa kama yalivyo. Dakika 20 zinatosha kusoma na kuulizana. Dakika 20 zinazofuata ni za uamuzi, na kila kadi inapata moja kati ya majibu manne: tunarekebisha wiki hii, tunachunguza, na fulani analeta jibu Jumanne ijayo, inaingia kwenye foleni ya kazi, au hapana, na sababu inaandikwa. Dakika 5 za mwisho ni za kupanga nani atawajibu wateja husika.

Jibu la "hapana" lilindeni. Timu nyingi zinaliogopa, basi kila kitu kinaingia kwenye foleni, foleni inafika kazi 400, na baada ya hapo hakuna anayeisoma. "Hapana, kwa sababu sharti la leseni yetu haliruhusu" ni taarifa ambayo mhudumu anaweza kumpa mteja leo. "Tumelipokea" ikirudiwa miezi minane inaua uaminifu wake na wa mteja.

Kosa la kawaida katika kikao hiki ni kuruka kwenye suluhisho. Msimamizi wa mkoa atasema, "Wateja wanataka programu mpya ya simu janja." Mwombeni kadi. Huenda mteja alisema kwamba menyu inaisha kabla hajamaliza kuandika, na programu ni tafsiri ya msimamizi. Programu haitamsaidia mwenye kitochi. Kosa jingine ni kumlaumu wakala. Mkisikia sentensi inayoanza na "tatizo ni elimu ya mawakala" kwa mara ya tatu mwezi huohuo, chunguzeni menyu yenyewe.

Ukurasa mmoja kwa uongozi

Mkurugenzi hana muda wa kadi 40 kwa mwezi, na takwimu tupu zinamfikisha kwenye seva mpya. Mpeni ukurasa mmoja kila mwezi, wenye matatizo matatu tu. Kila tatizo liwe na mistari minne: maneno ya mteja mmoja, neno kwa neno; limewagusa wangapi kwa mujibu wa mfumo; linagharimu kiasi gani; na ombi lenu kwake.

Gharama ndiyo inayowashinda wengi, ilhali hesabu yake ni ya darasa la saba. Tuseme simu za "imekatwa mara mbili" ni 1,200 kwa mwezi na kila moja inachukua dakika 7 pamoja na kurudisha muamala. Hizo ni dakika 8,400, yaani saa 140. Mhudumu anayekaa kwenye simu saa 6 halisi kwa siku 22 anatoa saa 132. Tatizo moja linakula mhudumu mzima na ziada. Kisha ulizeni mfumo: kati ya hao 1,200, wangapi hawakufanya muamala wowote siku 30 zilizofuata? Wakiwa 300, na kila mmoja alikuwa na wastani wa miamala 4 kwa mwezi yenye ada ya sh. 400, hapo zimepotea sh. 480,000 kila mwezi, na mwezi ujao wataongezeka wengine. Toeni wale ambao wangepotea hata bila tatizo hilo. Mnawapata kwa kulinganisha na kundi la wateja wanaofanana nao ambao hawakupatwa. Msipofanya hivyo, mhasibu atawashika, na atakuwa sahihi. Mkishaweka hesabu hiyo kando ya kazi ya wahandisi wawili kwa siku 8, uamuzi haumsumbui mtu.

Kuhusu ile alama ya "Je, ungempendekezea rafiki?", ambayo viongozi wengi wanaipenda: mteja anajibu kwa namba 0 hadi 10, asilimia ya wanaotoa 9 na 10 inapunguzwa asilimia ya wanaotoa 0 hadi 6, tofauti ndiyo alama. Ikiwa waliojibu ni 40, mtu mmoja tu akihama kutoka 9 kwenda 6 anaishusha alama kwa pointi 5. Msijenge ripoti ya mwezi juu ya kitu kinachotikisika hivyo, na kumbukeni ile adabu ya "iko vizuri tu". Tumieni kwa mwaka, kwa maelfu ya majibu, au iacheni.

Uamuzi unaposhuka

Mawasiliano yanaharibika pia yakitoka juu. "Mkurugenzi amesema" ni sentensi ya hatari, kwa sababu aliyeileta mara nyingi alisikia kwenye korido na hakuuliza kwa nini. Kila agizo linalogusa bidhaa liandikwe kwa sentensi nne na kiongozi mwenyewe: tunataka nini kibadilike kwa mteja, kwa nini sasa, mipaka ni ipi (fedha, mkataba na benki, masharti ya Benki Kuu), na ni kazi gani isimame ili hii ipite. Sentensi ya nne ikikosekana, msimamizi wa bidhaa ana haki ya kuirudisha, na uongozi ukubaliane na haki hiyo mapema, wakati hakuna ugomvi.

Timu nayo ijibu kwa gharama badala ya manung'uniko. Kiongozi akitaka mstari wa tangazo uongezwe juu ya menyu, jibu zuri ni hili: ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi 182, menyu yetu ya sasa ina herufi 164, kwa hiyo tangazo la herufi 40 litasukuma "Msaada" kwenye ukurasa wa pili, na kila ukurasa wa ziada unakula muda wa kikao ambacho tayari kinawaishia watu. Aamue akiwa anajua hivyo. Mara nyingine ataendelea na tangazo, kwa sababu ana jambo ambalo timu hailijui, na sentensi ya pili ya agizo lake ndiyo mahali pa kulisema.

Jibu limrudie mteja

Aliyelalamika ajulishwe mara mbili: ndani ya saa 48 kwamba limefika kwa watu wanaoweza kulishughulikia, na siku lilipotatuliwa au kukataliwa. Ujumbe mfupi unatosha:

Habari. Lile tatizo la malipo kukatwa mara mbili menyu inapopotea tumelirekebisha leo. Ukirudia malipo yaleyale ndani ya dakika 10, tutakuuliza kwanza. Asante.

Hizo ni herufi 159 pamoja na nafasi, na kikomo cha ujumbe mmoja ni 160. Angalieni mtego mmoja unaowagharimu wengi wanaoandika Kiswahili: alama ya king'ong'o katika maneno kama "ng'oa". Mkinakili maandishi kutoka programu ya kuandikia, alama hiyo huwa imepinda, nayo haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS. Ikiwepo moja tu, ujumbe wote unageuzwa mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Ujumbe mliodhani ni mmoja unatozwa kama mitatu. Tumieni alama iliyonyooka, na msiweke vikatuni vya uso.

Wahudumu na mawakala wajulishwe siku moja kabla ya wateja. Wakala akisikia mabadiliko kutoka kwa mteja wake anaonekana hajui kazi, na safari nyingine hatawaletea habari.

Kuhusu taarifa za watu

Kadi haina haja ya jina wala namba ya simu ya mteja. Vitu hivyo vibaki kwenye mfumo wa huduma kwa wateja, na kadi ibebe namba ya kumbukumbu tu. Picha za skrini kwenye vikundi vya WhatsApp vya mawakala zinaonyesha majina na salio za watu. Zipigeni marufuku, na wapeni mawakala namba moja ya kupeleka matatizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya mwaka 2019, zote zinawabana katika hili. Mkitaka kurekodi mazungumzo na mteja, mwombeni ruhusa kabla ya kubonyeza, mweleze mtaitumia vipi na mtaifuta lini, kisha muifute kweli.

Kujua kama mambo yanakwenda

Pimeni vitu vitatu kila mwezi: siku zinazopita kati ya tukio na kadi kusomwa kikaoni (zisizidi 8), sehemu ya kadi zenye maneno halisi ya mteja (zikishuka chini ya 8 katika kila 10, rudini kwa wahudumu mkawasikilize ni nini kinawazuia), na siku kati ya uamuzi na jibu kwa mteja.

Na kila robo mwaka, mshika daftari achukue kadi 5 za miezi mitatu iliyopita bila kuchagua, awapigie wenye matukio, awaulize lilikwishaje. Akikuta watatu kati ya watano hawakuwahi kusikia lolote, kikao kinachofuata kisifungue kadi mpya hata moja hadi hao na wenzao wote waliosubiri wapewe majibu.